Pole

Nilikuwa chini, kando ya lami ya Awasi,
miwa imenimwagikia kifuani kama kuni za mtu mwingine,
mguu wa kulia sijui uko wapi,
na kijana akashuka kwenye trekta anatetemeka,
kofia ameikunja mkononi, meno yanagongana,
nami nikamwambia: pole.

Ndilo neno lililokuwa karibu.
Kwetu huambiwa mgonjwa, mfiwa,
aliyejikwaa, aliyetoka safari,
mpishi aliyeunguza wali wa wageni,
wala sijasikia mtu akiulizwa:
kwani wewe ndiwe uliyemwangusha?

Kisumu, mahakamani, ghorofa ya pili,
ngazi ishirini na sita kwa magongo,
nikakuta neno langu limetangulia kizimbani.
Shahidi alilitamka vilevile nilivyolitamka.
Karani akalivusha ng'ambo, kwenye Kiingereza,
likarudi limevaa suti:
mlalamikaji alikiri.

"Ulimwomba dereva msamaha, ndiyo au hapana?"
Nilimpa pole.
"Ndiyo au hapana, mama."

Wakaja kwenye gauni.
Jeusi, ndiyo. Nilitoka Ahero kumzika shangazi.
Nililishona mwenyewe usiku mmoja,
likiwa na kola nyeupe, pana;
wifi yangu akasema inametameta mno kwa msiba,
nikaifumua.
Hilo sikuulizwa, na sikulisema.
Kola ilikuwa mkobani jioni ile, imekunjwa,
nyeupe kama jino.

Trela halikuwa na taa hata moja.
Hilo nalo liliandikwa.

Wakili Sakwa alinionya mapema,
ofisini kwake, juu ya duka la matairi:
Rispa, sheria hii haimhurumii mwenye doa.
Kosa lako likiwa punje, watalipima punje,
na bei yake wataikata kwenye fungu lako.
Jibu kwa kifupi.
Na ukiwa kizimbani usimwonee mtu huruma.

Hakimu hakuwa mtu mbaya.
Alisoma taratibu, miwani puani,
akakata kama nikatavyo mimi
kitambaa kisichotosha:
sitini kwa mwenye trekta, arobaini kwangu.

Usiku ule nikaitafuta arobaini yangu.
Nikatoa futi ya kushonea, nikaketi kitandani,
nikapima mguu wa kushoto,
maana wa kulia hauna pa kuishia.
Nyongani hadi kisiginoni, sentimita themanini na tano.
Arobaini kwa kila mia, ni thelathini na nne.
Nikahesabu kutoka chini kwenda juu, nikaweka kidole:
chini kidogo ya goti.
Nikautazama ule mwingine.
Ni papo hapo, kama si upana wa pindo,
ulipopita msumeno wa hospitali.

Basi sehemu yangu nilikuwa nimeshailipa
kabla hawajaniandikia hati.

Sakwa alicheka nilipomwambia,
kisha akaacha kucheka, akaniagizia chai.

Siku ya hukumu nilimwona yule kijana uani,
Onditi, kumbe ndilo jina lake,
amenenepa kidogo, shati la kuazima.
Alinitazama mguu, yaani pale ulipokuwa.
Akafungua mdomo.
Wakili wa bima akakohoa nyuma yake.
Akaufunga.
Nilijua ni neno gani. Nililiona umbo lake midomoni.

Sasa nashona kwa mguu mmoja.
Cherehani huanza kwa kurudi nyuma
kabla haijakubali.
Jana Akeyo, ninayemfundisha kazi,
alijidunga sindano, akaniinulia kidole,
tone likikua.
Nikafungua mdomo,
na ulimi, kabla ya kusema, ukachungulia mlangoni
kuona kama kuna anayeandika.

Nikachelewa.
Tone likaangukia kitambaa cha mteja,
nacho cheupe.